Mkuki Nilioupokea Nyuma ya Mbao

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Nilikuwa kibandani kwangu Uyole nachomelea geti la mama mmoja muuza mbolea, malori yanapita kwenda Tunduma, jua linawaka na baridi iko palepale. Niseme mapema, kwa mageti Uyole nzima hakuna wa kunigusa. Shule niliacha darasa la sita, na wale walionicheka leo wananiletea madirisha yao niwatengenezee. Basi simu ikaita. Alikuwa baba mkubwa Edmund, kutoka nyumbani Kilolo.

Baba mkubwa ndiye kiongozi wa ukoo tangu babu Danieli afariki mwaka jana. Ni mzee wa kanisa, anaongea taratibu kama anasoma matangazo ya ibada. Alinipa kamwene, salamu yetu ya nyumbani, akauliza kazi, akauliza kama huku mvua zimeanza, ndipo akaniambia kwamba wazee wamekaa na wamemchagua Clement.

Nyie wa mbali niwaeleze. Kwenye ukoo wetu mtu hafi na jina lake. Anachaguliwa mrithi, anakabidhiwa mkuki wa marehemu mbele ya watu, na kuanzia saa ile mrithi ndiye marehemu. Waliomwita baba watamwita baba, wajukuu watamwita babu. Bibi kizee atamwita mume wangu, watu watacheka kidogo, lakini mzaha haumo. Na ule mkuki si wa kuchezea. Umepita mikononi mwa wazee wetu tangu walipopigana na Wajerumani, ncha yake ndefu kama jani la mwanzi, uti wake umekuwa mweusi kwa jasho la watu ambao mimi nawajua kwa majina tu.

Sasa Clement ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni akanikojolea. Yeye akasoma mpaka chuo, akavaa miwani, akamuoa Lea, ambaye mimi ndiye niliyemuona kwanza, lakini hayo tuyaache. Leo tena nimwite babu? Nimpishe kiti?

Kilichonimaliza kabisa ni maneno ya mwisho ya baba mkubwa. Ncha ya mkuki ilikuwa inacheza kwenye uti. Akasema atautuma kwa basi, niukaze, niulete siku ya kurithisha. "Wewe si ndiye fundi wetu," alisema, na nina hakika alidhani ananisifu.

Uliponifikia ukiwa ndani ya kiroba, nilikaa nao siku nzima sijafanya kazi. Halafu nikawasha grainda, nikaigusisha ncha kidogo tu pembeni, nijue ni chuma cha namna gani. Chuma chochote ukikigusa na grainda kinarusha cheche. Ule haukurusha hata moja. Ulitoa harufu tu. Harufu ya nywele zinazoungua.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilikuwa na wivu, na wivu haukuachii nafasi ya kuogopa.

Nilichukua springi ya lori la Fuso, nikaifua kwa moto wa mkaa usiku na mchana mpaka ikawa ncha ileile, urefu uleule, na ule mkunjo mdogo karibu na shina. Nikaifukia kwenye samadi iliyolowana mkojo wa ng'ombe na chumvi, wiki mbili, ikatoka na kutu ya miaka mia. Uti nikauchonga, nikaukausha kwa moshi, nikaupaka mafuta na masizi. Ukiweka miwili pamoja, hata aliyeuzaa asingeujua wake. Hiyo kazi bado najivunia, nisiwadanganye.

Siku ya kurithisha nikampa baba mkubwa ule wa springi. Akauinua, akautikisa, akasema sasa umekaza. Ule wa kweli nilikuwa nimeufunga ndani ya turubai na kuuingiza stoo ya mahindi, nyumba ndogo ya mbao nyuma ya uwanja. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Maneno yanakwenda na mkuki. Wao watamsemea Clement maneno akiwa ameshika springi ya Fuso, mimi nitakuwa nyuma ya mbao, hatua tano tu, nimeshika wenyewe.

Ukungu ulishuka mapema mchana ule. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unazunguka kwa wasio wazee wa kanisa. Niliteleza kama mtu anayekwenda chooni, nikaingia stoo, nikafungua turubai. Kupitia ufa wa mbao niliona mgongo wa Clement, koti lake la bluu.

Baba mkubwa akasema, "Danieli, shika kilicho chako."

Nikawahi. Kabla Clement hajafungua mdomo, nikanong'ona, "Nimeshika."

Mkuki ukawa mzito. Kuku waliokuwa wakichakura nje wakanyamaza wote pamoja. Na nyuma yangu, pale penye magunia matupu, mtu akashusha pumzi. Ndefu. Kama aliyekuwa ameibana mwaka mzima.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Vumbi la pumba lilikuwa linatua, kama lililopulizwa.

Nikaufunika mkuki haraka, nikatoka, nikajichanganya na watu. Wakati huo walikuwa wanampeleka Clement kwa bibi Lusia, mjane wa babu Danieli. Bibi haoni, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, anatambua watu kwa kuwashika mikono. Akamshika Clement, akampapasa viganja. Watu wakasubiri aseme mume wangu. Akasema, "Clement, mjukuu wangu, mbona una baridi?" Wakacheka, wakasema bibi amezeeka. Clement mwenyewe akacheka.

Mimi nilijiona mjanja wa ukoo mzima. Nikasogea nimsalimie, nione itakuwaje.

Alinishika mkono wa kulia, na uso wake ukasawijika. Akanivuta mpaka sikio langu likagusa midomo yake.

"Danieli," alinong'ona. "Umerudi."

Nilitaka kucheka. Akanibana zaidi.

"Nilikuoshea ule mkuki," akasema. "Abrahamu alikuwa mdogo wako, wazee walimpa yeye, ukamfuata korongoni. Tukasema ni nguruwe pori. Miaka sitini sijamwambia mtu. Huyu mtoto muache."

Nikajinasua. Vidole vyake viliacha alama nyeupe kwenye kifundo cha mkono wangu. Hakuna aliyesikia. Babu Danieli, aliyenifundisha kutega ndege, ambaye kila mtu kwetu alisema nimefanana naye hadi kukohoa.

Nilirudi stoo nikiwa na jambo moja tu kichwani, niuchukue ule mkuki na kuondoka. Lakini Clement akanifuata. Alikuja kuchukua ndoo ya ulanzi iliyokuwa kwenye rafu ya chini, ndani kabisa.

"Kaka Jailos," alisema akiwa ameinama, mgongo kwangu, "usininunie. Niliwakatalia wazee mara mbili. Niliwaambia mkubwa ni wewe. Bibi ndiye alikataa, akasema Jailos amefanana na babu kupita kiasi, asipewe kamwe."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno tayari, ya utani, ya kumaliza. Mdomo haukufunguka. Niliona tu pale chini ya bega lake la kushoto, mahali ambapo koti lilikuwa limekazika. Niliona pale tu. Na nikahisi furaha. Furaha ya zamani, isiyo ya umri wangu. Mkono wangu ulikuwa juu. Turubai lilikuwa chini, limefunguliwa, na sijui nani alilifungua.

"Danieli."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwongoza, na hajatembea peke yake tangu Krismasi ya mwaka juzi.

"Danieli, muache."

Vidole vyangu vikaachia. Mkuki ukaangukia magunia, bila sauti. Clement akageuka na ndoo yake, akauliza bibi amefikaje huku, akamshika mkono akamrudisha uwanjani. Hakuona kitu. Sikumgusa. Naapa mbele yenu wote, hata nguo yake sikuigusa.

Kesho yake nilipanda gari mpaka Iringa mjini, nikautupa ule mkuki kwenye mto Ruaha Mdogo kutoka darajani, mchana kweupe, watu wanafua. Nilisikia maji yalivyoupokea. Na msitegemee niwaambie kwamba umerudi. Haujarudi. Nimechungulia kila kona ya kibanda changu, haupo.

Lea ndiye aliyepiga simu, wiki ileile. Alikuwa anacheka. Akaniambia nimwambie ndugu yangu aache kuegemea misumari, maana koti la bluu limetoboka mgongoni, chini ya bega la kushoto, tundu jembamba kama jani la mwanzi. Amelishona. Wiki mbili baadaye hakuwa anacheka. Koti jipya limetoboka palepale, na sweta lililokuwa ndani yake pia. Mwezi uliofuata koti, sweta na shati. Clement haumwi, hana alama, anasema ni panya.

Mimi nipo Uyole, saa nyingi za basi kutoka kwake, na sijakanyaga Kilolo tena. Nimemtumia koti la ngozi, zito, la dereva wa lori. Usiku najifungia kwa kufuli mbili na funguo anakaa nazo jirani. Nyie chekeni. Mbele ya watu na mimi bado nacheka.

Leo alfajiri Lea amepiga tena. Kabla hajasema kitu nilishajua ni singlendi, ile inayogusa ngozi. Simu ilinikuta nimekaa kitandani, taa nimewasha, natoa nyuzi nyeupe chini ya kucha zangu.