Mchanga wa Unyayo Wangu

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mbio nilizipenda kuliko chakula. Leo nachechemea, wasomaji wenzangu... na aliyeniponza nilimwita mpenzi!

Katika mbio za kupokezana vijiti nilikimbia zamu ya mwisho. Aliyenipa kijiti ni Mghoi, msichana mwenzangu na rafiki yangu tangu utotoni. Anayepokea haangalii nyuma. Ananyoosha mkono tu, anaamini. Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano ya Voi, ambako timu ya kaunti ingechaguliwa.

Basi mchumba wangu Mwakio akaniletea habari.

"Huyo Mghoi wako nimemwona kwenye uwanja wa shule asubuhi akichota mchanga pale unapokanyaga. Chunga sana! Mtu hachoti unyayo wa mwenzake bure."

Nilimcheka. Lakini kesho yake nikaenda mapema, nikajificha nyuma ya darasa. Nikamwona kwa macho yangu! Ameinama kwenye mstari wangu, mchanga umejaa viganjani. Kwa nini aje peke yake? Kwa nini asiniambie?... Sikumuuliza. Tangu siku hiyo akinipa maji, sinywi. Akicheka, najiuliza anacheka nini. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia.

Siku ya Voi tulikuwa tukiongoza! Mghoi akaita, "Shika!" Badala ya kunyoosha mkono, niligeuka kutazama mikono yake... Kijiti kikaanguka. Mbele ya watu wote nikamwita mchawi. Alivua viatu akaenda zake.

Nikarudi kufanya mazoezi peke yangu. Siku ya kwanza tu, mguu wangu ulitumbukia shimoni, mfupa ukavunjika. Lilikuwa shimo la unyayo wa ndovu! Ndovu hupitia uwanja wetu wakienda kula mahindi ya watu. Mbona sikuwahi kuyaona mashimo hayo?... Nikiwa nimelala pale chini nalia, ndipo nilipojua Mghoi alikuwa akichota mchanga wa kuyafukia nisije nikaanguka.

Mwakio hakuja kunijulia hali. Mghoi alikuja, na ndizi. Nilipombana, alikiri kwamba Mwakio alikuwa amemtongoza, naye Mghoi akamkataa, kisha akanificha jambo hilo ili nisiumie. Kumbe mwanamume yule alikuwa akilipiza kisasi kupitia kwangu!

"Si ungeniuliza tu, Wakesho," akasema Mghoi.

Nawasihi, mkiletewa neno juu ya rafiki, mwulizeni mwenyewe. Msiseme mmeona kwa macho. Hata mimi niliona! Daktari amesema sitakimbia tena. Mghoi yuko kwenye timu ya kaunti sasa, na kijiti anampa mtu mwingine.