Katungu Alichukua Jina la Hubert

Katungu aliuza vitenge soko kuu la Kisangani. Alikuja na mzigo kutoka Butembo, vita ikamfungia njia ya kurudi. Siku alipokutana na Hubert, mpiga picha, watu walikuwa wamejazana kwenye cyber ya Papa Juma, duka la intaneti, naye Hubert amekalia mashine dakika arobaini akichapa kwa kidole kimoja.

"Papa, unatafuta herufi ama unazipanda?" Katungu akamuuliza.

Hubert akageuka, akamwona ndani ya kitenge cha manjano kilichombana vizuri. "Mama, herufi zote ziko hapa. Ni mimi nimepotea."

Mapenzi yakashika. Mwezi wa nane mwaka 2001, meli za Kinshasa ziliporuhusiwa tena, Hubert akapanda kwenda kutafuta kazi kwa tonton wake, mjomba mwenye ofisi. Alimwachia kadi ya ofisi ya tonton, yenye anwani ya barua pepe inayoishia nukta zr.

"Chérie, andika humu. Nitajibu siku ileile."

"Ukininyamazia utajua mimi niko mutu wa namna gani."

Katungu aliandika kila Jumamosi. Kila barua ilirudi na maneno ya mashine, naye alielewa moja tu: refusé. Basi Hubert amenikataa. Alilia mara moja. Baada ya hapo machozi yakageuka pilipili.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, Odile, dada yake Hubert, akamletea tangazo kutoka Kinshasa. Hubert kafungua studio, na chini pameandikwa: "Hivi karibuni, studiohubert.cd".

Katungu akaenda mbio kwa Papa Juma. "Hili jina la mtandao lina mwenyewe?"

Papa Juma akatafuta. "Bado. Anayeandikisha kwanza ndiye mwenyewe."

"Bon. Tuandikishe."

Haikupita muda, kila aliyefungua studiohubert.cd aliona picha ya Katungu, mkono kiunoni, na maneno haya: "Hubert anajua kupiga picha. Kutimiza ahadi, hajui."

Simu ya Papa Juma ikalia, Katungu akaitwa.

"Katungu! Wateja wananicheka! Juu ya nini?"

"Juu ya barua zangu ulizokataa."

"Barua gani? Ah, Mungu wangu! Ile zr ilikufa, chérie. Inchi haiitwe tena Zaïre, sasa iko cd. Si mimi nilikataa!"

Kumbe alimchukia mtu kwa ajili ya herufi mbili! Neno nisamehe lilikuwa tayari mdomoni, akalizuia.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa kumi. Niliona haya. Nilitaka kwanza nipate studio."

"Miezi mitano, Hubert! Odile iko hapa, meli ziko, ungetuma neno! Alors, kuja uombe radhi mbele ya soko. Bila hivyo, picha yangu haitoke."

Akakata simu.

Hubert alipanda mto wiki tatu. Alishuka amekonda, shati jeupe limekunjamana, akapiga magoti kati ya meza za vitenge, wanawake wengine wakimpigia vigelegele, wengine wakimzomea.

"Nilinyamaza kwa kiburi. Nisamehe. Ukubali nikuoe."

Katungu akamalizana kwanza na mteja wake, taratibu, kitenge baada ya kitenge.

"Picha nitatoa," akasema. "Na kuolewa, nakubali."

"Na jina la studio?"

"Jina iko langu," Katungu akajibu, akamwinua kwa sikio.