Saa Isiyoingiza Maji

Nisingemjua Okwach, mzamiaji wa hapa Mwanza, hata mimi bingwa wa kusimulia ningekibisha kisa hiki.

Mwaka tisini na nne, boti iliyotoka Sengerema ilizama na mkewe, Akelo. Wiki tatu zilipita, mwili haujaonekana. Okwach akaazima mtungi wa hewa wa dakika ishirini, kisha akaenda Igoma kwa Shigela, muuza saa.

"Nataka isiyoingiza maji. Nimpate, nikamzike nyumbani Shirati."

"Pole, baba Otuoma. Zote hizi za Dubai," alisema Shigela, akizitumbukiza kwenye ndoo. "Itakayoshika ukungu, hiyo ni ya kuvaa kanisani."

Saba zikashika ukungu. Moja ilibaki safi, mishale yake inang'aa. Okwach akaivaa.

Chini ziwani palikuwa na giza la tope. Alisikia pumzi zake tu na mapovu yakipanda, huku akipapasa kila jiwe kama anapapasa kitanda. Saa ilipofika dakika ya kumi na tisa, alibana pumzi ili asikilize mara ya mwisho.

Mapovu yaliendelea kupanda, taratibu, karibu kabisa na sikio lake la kushoto.