Mvuke wa Mwisho Si Wako

Aune Kettunen aliinua kijiko, akakitazama, na jina lake halikuja. Alijua kazi yake, alijua kabati kilikotoka. Jina tu ndilo lililotoweka.

Virusi vilimpata majira ya baridi. Homa ikaenda, kikohozi kikaenda, kichwa kikabaki. Kiligonga nyuma ya jicho la kushoto, masikio yakavuma, kahawa ikakosa harufu. Daktari alisema vipimo ni safi, avute subira, ubongo hupona polepole. Hakusema uongo. Lakini subira ya mjane anayeishi peke yake msituni ni ndefu kuliko ya watu wengine.

Kilichomtesa zaidi ni mwanga. Kiangazi cha Ufini jua halitaki kuzama, na mapazia hayakufaa kitu. Palibaki mahali pamoja penye giza: kibanda cha sauna, bafu la mvuke, kando ya ziwa, kuta nyeusi kwa masizi.

Jumamosi moja alioga humo, akayamwagia mawe ya moto kata ya mwisho ya maji kama mama yake alivyomfunza, kisha asitoke. Kule kila mtoto anajua kwamba mvuke wa mwisho ni wa mwenye sauna, na mwenye sauna si binadamu. Aune naye alijua. Ila kichwa kilikuwa kimetulia gizani, akajisemea, "Kidogo tu, Mungu atanisamehe." Ndivyo tusemavyo sote tunapokosea kwa makusudi.

Benchi la juu likalia, kama limekaliwa.

Harufu ikamjia, yeye asiyenusa kitu tangu baridi: nywele zilizoungua. Jicho la kushoto likachoma, na sauti ndogo, kavu, ikamnong'oneza ndani ya fuvu: "Kijiko."

Tangu hapo kila neno lililompotea aliletewa, na kila neno lilikuja na maumivu yake, akawa anaogopa kuongea hata na paka, anakwenda chumba hadi chumba ameshika kichwa kwa mikono miwili, na nyuma yake, mchana kweupe, anasikia pumzi za mtu aliyetoka kwenye joto kali, zikingoja asahau tena.

Akampigia dada yake. "Saimi," alinong'ona, "kuna kitu kichwani mwangu."

"Afadhali! Miaka yote hiyo kilikuwa kitupu." Saimi akacheka, kisha akasikia kwikwi. "We Aune, unalia? Basi, mdogo wangu, basi. Nakuja na Lyyli."

Lyyli alikuwa mpiga chuku, mtoa damu mbaya kwa pembe, bibi mwenye mabega ya mkata magogo. Alimlaza Aune saunani, akampachika pembe za ng'ombe mgongoni.

"Ulikaa baada ya maji ya mwisho?"

"Nilikaa, bibi."

"Mjinga we!"

"Kiliuma sana, bibi."

"Sasa ndiyo kitauma."

Damu ikatoka nzito, nyeusi. Benchi la juu likalia, mlango ukafunguka wenyewe, na nje nyasi zikalala mstari mmoja mpaka ziwani.

"Limekwenda," Lyyli akasema kwa sauti ya chini. "Usiliite. Hata upweke ukikuzidi, usiliite."

Saimi akarudi mjini kwake. Kichwa cha Aune kikawa chepesi, na nyumba ikawa kimya.

Asubuhi moja akasimama mbele ya picha ya harusi. Alikuwa yeye, na kando yake mwanamume mwenye masikio makubwa, anacheka. Jina lake halikuja. Alikaa pale hadi kahawa ikapoa. Amuulize Saimi? Amwambie amemsahau mumewe? Angeweza kwenda makaburini, lakini aliona haya kulisoma jina hilo jiweni kama mgeni.

Akaenda saunani, akawasha moto, akamwaga maji.

"Upo?"

Benchi likalia.

"Nipe jina la mume wangu. Nakuomba."

"Nitakupa," sauti ikajibu. "Nawe nipe jingine mahali pake. La yule aliyemleta mwenye pembe."

Aune akafumba macho. Alisitasita, Mungu anajua. Kisha akasema, "Chukua."

Jicho likapasuka kwa maumivu, na midomo yake ikasema, "Eino." Akalia kwa furaha. "Eino wangu! Eino!"

Simu ikaita mfukoni.

"Aune! Vipi kichwa leo? Jumapili nakuja, nakuletea samaki."

Aune aliisikiliza sauti ile. Ilikuwa ya mtu mwema.

"Samahani, mama," akasema kwa adabu. "Nani mwenzangu?"