Mbuzi wa Ntheo Waliogeuka Hisa

Mwongeli alikuwa akipepeta ndengu sokoni Mukuyuni, makapi yakimjaa kwenye nywele, mtu alipopiga chafya mbele yake. Wateja wakatawanyika kwa hofu ya corona. Mtu huyo akashusha barakoa. Alikuwa Kaloki, mchumba wake, amevaa shati la samawati lililopigwa pasi vizuri.

"Kumbe uko hai," Mwongeli alisema, ungo haukutulia.

"Nisamehe, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Mwaka mzima simu umezima! Mbuzi wa ntheo uliwala na nani?"

Soko zima lilijua habari hiyo. Mpaka mbuzi wale watatu wa ntheo, wa posa, wafike kwao, Mwongeli hangehesabiwa kuwa mke wa mtu. Lakini corona ilipoingia Kaloki aliwauza akanunua hisa, kwa kuwa bei ilikuwa imeshuka. Ikazidi kushuka. Kwa aibu akatorokea Mutomo.

"Sikuwala. Hisa zimepanda sana, Mwongeli. Nimeziuza, na nimekuja na pesa za—"

Hakumaliza. Rungu la Nzau, kakake Mwongeli aliyetokea nyuma, lilimshukia mkononi na mfupa ukalia. Kaloki akaanguka juu ya magunia, kidevu kikipasuka kwenye mizani, Nzau akamkanyaga kifuani.

"Uliuza heshima ya dada yangu ukacheza kamari!"

"Si kamari," Kaloki aligumia, damu ikimchuruzika kidevuni.

Rungu likapanda tena, safari hii likilenga kichwa. Mwongeli alinyakua jiwe la mizani, akamtandika kakake begani kwa nguvu zake zote. Nzau akapiga yowe, rungu likamtoka.

"Muue basi, nizeekee kwako! Hukusikia ameleta pesa za mbuzi?"

"Alisema saa ngapi?"

"Ukimvunja mkono!"

Nzau akashika bega lake, akaliacha rungu chini.

Mwongeli alirarua leso yake, akamfunga Kaloki mkono. "Mjinga wewe," alinong'ona. "Ungenipigia hisa zilipoanguka, tungelia pamoja."

"Ungeniacha."

"Ningekutukana kwanza. Kisha ningekaa."

Kaloki alikataa kupelekwa hospitali kabla ya mbuzi kununuliwa. Basi wakaenda mnadani, na kwa kuwa hangeweza kushika kamba, alizishika yule aliyemvunja mkono. Jua likishuka walikuwa wamepata wawili. Wa tatu Nzau alimpapasa mbavu, akatikisa kichwa.

"Huyu ni mifupa. Dada yangu haolewi kwa mbuzi kama huyu."

Akamgeukia Kaloki, aliyekuwa akitetemeka kwa maumivu.

"Kesho tutatafuta mwingine. Sasa twende kwa daktari."