Hatua Nane za Nyasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kuwasha moto wa uji na kumfungua mbuzi wa mama. Hizo nilizifanya bila kinyongo. Kazi ya nne sikutumwa na mtu. Nilisimama mlangoni nikimsubiri Blandina apite, nimwangalie toka kichwani hadi miguuni, nione leo ana kipi ambacho mimi Veneranda sina.

Na hakukosa. Sweta lake lilikuwa jipya, langu lilikuwa limevaliwa na dada zangu wawili kabla halijanifikia. Mwezi wa Julai, baridi ya Kilolo inapouma masikio, alikuja na soksi nene za sufu alizoletewa na shangazi yake kutoka Mbeya. Tulikuwa darasa la sita, tukikaa dawati moja, na watu walituita mapacha. Baba yake, Mzee Dastan, alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Baba yangu, Ambrosi, alikuwa mkulima wa nyanya na miti kama watu wengine. Mimi nilimshinda Blandina hesabu, naye alinishinda kila kitu kingine. Angalau ndivyo nilivyoona wakati ule, na nilimwonea gere hata uji ukawa haunipiti kooni.

Kijiji chetu kiko milimani, juu ya Ilula. Huku kila familia ina miti, na watu husema miti ndiyo benki yao. Adui wa miti ni moto wa kiangazi. Kwa hiyo kila Julai tunalima barabara ya moto, yaani ukanda mrefu unaopita mlimani, ambao nyasi zake zote hung'olewa hadi udongo ubaki mtupu, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Kazi hugawanywa vipande. Kila kaya ina kipande chake, na shule nayo hupewa sehemu, mwanafunzi mmoja hatua ishirini. Mwisho wa kila kipande husimikwa kigingi cha nondo chenye namba.

Mwaka huo Mwalimu Asukile, mlezi wa klabu yetu ya mazingira, alitangaza kiranja mpya. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kusimama.

"Kiranja atakuwa Blandina," akasema. "Atashika daftari la vipande. Ukimaliza kipande chako unamwambia, naye anakuwekea alama ya vema."

Darasa lilipiga makofi. Nami nilipiga, lakini moyoni nilisema, hata hiki nacho wamempa.

Kipande changu kilikuwa namba kumi na nne, cha Blandina kumi na tano. Tulipakana. Kaka zake walikuja kumsaidia, na siku ya Alhamisi akawa amemaliza. Mimi nilikuwa nimebakiza hatua nane, na viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Blandina alikuja akasimama karibu yangu.

"Vene, umebakiza kidogo," akasema. "Kesho nije tumalizie wote?"

"Sitaki. Nitamaliza mwenyewe."

Msaada wake uliniuma kuliko malengelenge. Niliona anataka watu waseme kwamba bila yeye nisingemaliza.

Ijumaa baada ya masomo nilipanda mlimani peke yangu. Nilitazama upande wake, udongo mtupu uliolimwa vizuri, nikatazama nyasi zangu. Jembe sikulitumia kulimia. Nililitumia kung'olea kigingi kilichotutenga. Nikarudi nyuma hatua nane, nikakisimika pale kazi yangu ilipoishia. Sasa nyasi zote zilizobaki zilikuwa za Blandina.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Jumatatu Mwalimu angekuja kukagua, angekuta nyasi kwenye kipande cha kiranja mwenyewe, na daftari lingehamia kwangu. Jumatatu hiyo Blandina aliniuliza kama nimemaliza.

"Nimefika mpaka kwenye kigingi," nikamjibu.

Aliniamini, akaniwekea alama ya vema.

Ukaguzi haukufanyika. Mwalimu Asukile aliitwa kwenye semina Iringa mjini, na kazi ya kukagua akaachiwa mwenyekiti. Mzee Dastan alifungua daftari, akaona alama za vema kurasa zote, akatia sahihi palepale mezani. Taarifa ikapelekwa kwa mtendaji wa kata: barabara ya moto imekamilika. Hakuna aliyepanda mlimani.

Agosti ikapita, na Septemba nayo. Mara nyingi nilijiambia kwamba nitakwenda nikalime zile hatua nane. Kisha nilimwona Blandina akipita na daftari kwapani, na ile nia ikanitoka. Nyasi zikaendelea kukauka.

Oktoba, siku ya Jumanne, tukiwa darasani mchana, tuliona moshi ukitoka bondeni. Mtu alikuwa amechoma mabua ya shamba lake na upepo ukamzidi nguvu. Ni nani, hajajulikana hadi leo. Kengele ilipigwa. Watu wazima walikimbia mlimani wakiwa na matawi mabichi na majembe. Wengine walikimbilia stoo ya kata kuchukua pampu za maji za kubeba mgongoni, wakakuta kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri kwenda Ipogolo.

Sisi tulitazama kutoka uwanja wa shule. Moto ulipanda, ukafika kwenye barabara, ukainama na kuanza kufa. Wenzangu walishangilia. Mimi macho yangu yalikuwa mahali pamoja tu. Hapo moto ulikuta nyasi kavu hatua nane, ukatambaa taratibu, ukavuka.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini msitu wa shule uliteketea, pamoja na miti ya familia kumi na moja. Familia yetu ilikuwa mojawapo. Ile miti ya miaka tisa, ambayo baba alikuwa akiitunza ili anisomeshe mimi na wadogo zangu, ilibaki vigogo vyeusi. Baba alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda, na hakugusa chakula.

Alhamisi ukaitishwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Sisi wanafunzi tulikaa chini mbele. Mzee Dastan alisalimia, "Kamwene," na watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Kabla hajaendelea, Bwana Yotamu alisimama. Kila mtu alijua kwamba Yotamu alikuwa anautaka uenyekiti.

"Sisi tunataka kujua nani ametuunguzia miti," akasema. "Serikali ya kijiji ilikuwa wapi?"

"Serikali ya kijiji iliomba pampu tangu mwaka jana," Mzee Dastan akajibu. "Zimefungiwa kata. Muulizeni mtendaji."

Mtendaji wa kata, Bi Esta, alikuwa ameketi karibu naye. "Pampu zinatolewa kwa barua," akasema. "Barua sikuiona. Halafu taarifa yenu ilisema barabara imekamilika. Mimi ningejuaje?"

"Na huko wilayani nao?" mama mmoja akauliza. "Mbona gari la zimamoto limefika jioni, moto umeshamaliza kula?"

Kelele zikaanza. Kijiji kilinyooshea kata kidole, kata ikanyooshea kijiji, na wote wakanyooshea wilaya, ambayo siku hiyo haikuwapo kujibu. Yotamu aliinua mkono hadi watu wakanyamaza.

"Mimi nimepanda kule juu kwa miguu yangu," akasema. "Moto umevukia kipande namba kumi na tano. Kigingi kipo, kimeungua rangi lakini namba inasomeka. Sasa tuambiwe, kumi na tano ni cha nani?"

Mwalimu Asukile alifungua daftari. Alipitisha kidole kwenye orodha. "Cha Blandina," akasema.

"Binti wa mwenyekiti. Ndiye aliyepewa daftari ajiwekee vema mwenyewe," Yotamu akasema.

Blandina aliambiwa asimame. "Mimi nilimaliza," akasema. "Nililima chote, kaka zangu ni mashahidi." Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma akasema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nitasema ukweli ingawa naona aibu. Kwa muda mfupi nilifurahi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu Julai, siku ya kumwona Blandina akitazamwa na watu wote kama mtu wa hovyo.

Kisha nikamwona baba yake. Mzee Dastan aliwatazama watu waliokuwa wanataka kumwondoa, akamtazama binti yake, na nikaona anachagua.

"Ndugu zangu," akasema, "kama kosa ni la mtoto, basi msiibebeshe serikali. Mtoto nitamwadhibu hapahapa mbele yenu, na ukiranja avuliwe leo." Akamgeukia kijana wa mgambo. "Kata fimbo."

Blandina hakulia. Alimtazama baba yake kama mtu asiyemfahamu. Nilimjua Blandina tangu tukiwa wadogo, na sikuwahi kumwona na uso ule. Katika vitu vyote nilivyomwonea wivu, cha kwanza kilikuwa baba huyu, aliyemnunulia sweta na kumshika mkono siku ya kufunga shule. Sasa alikuwa anampoteza kwa sababu yangu.

Nilisimama.

"Asipigwe," nikasema. "Kigingi nilikihamisha mimi."

Yotamu aliniambia niketi, watoto wasiingilie. Mwalimu Asukile akasema, "Mwache aseme."

Nilisema yote: malengelenge, hatua nane, daftari, jinsi nilivyotaka Blandina aonekane mvivu. Nilipomaliza, nilitazama nyuma yangu. Baba yangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili akiangalia chini.

Mwalimu alisema maneno ya mtoto yapimwe. Watu wapatao thelathini tulipanda mlimani, Yotamu akiwa mbele. Majivu yalipanda hadi magotini. Mwalimu alitembea kutoka kigingi hadi kigingi akihesabu kwa sauti. Kipande changu kilikuwa na hatua kumi na mbili. Cha Blandina, ishirini na nane.

"Kumbe ni mtoto wa Ambrosi," Yotamu akasema. "Basi Ambrosi atulipe miti yetu."

Mwalimu Asukile alibaki amesimama pale moto ulipovukia. Alivua miwani, akaifuta majivu.

"Bwana Yotamu, subiri," akasema. "Mtoto amekosa, na ataadhibiwa. Lakini mimi nilirudi kutoka semina mwezi wa saba uleule. Nilikuwa na miezi miwili na zaidi ya kupanda hapa na kuhesabu hadi ishirini. Sikupanda. Niliona vema kwenye daftari, nikaridhika."

Mzee Dastan alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nami nilitia sahihi nikiwa kwenye kiti," akasema hatimaye. "Na hiyo barua ya pampu niliituma kwa mdomo tu. Sikuandika." Alimgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama mbali naye. "Mwanangu, nilitaka kujisitiri kwa mgongo wako. Nisamehe."

Bi Esta akakiri kwamba pampu alizihifadhi zisiharibike, na ufunguo aliuacha kwa mtu mmoja tu. "Nilizitunza vizuri sana," akasema, "mpaka hazikumsaidia mtu."

Mwalimu akavaa miwani yake. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. "Ufa huu ulikuwa wa hatua nane. Mtoto aliufungua kwa wivu, sisi wakubwa tukauacha wazi kwa uvivu, na tangu juzi tunatafuta mtu mmoja wa kubebeshwa mzigo wote. Tukishampata tutakwenda kulala, na mwakani moto utapita palepale."

Palepale mlimani walikubaliana mambo ambayo ofisini yalikuwa yameshindikana. Pampu zihamie kijijini, funguo zikae kwa watu watatu. Kila mwezi wa Agosti mwenyekiti na mtendaji watembee barabara yote kwa miguu, wananchi wakiwa pamoja nao. Yotamu alitajwa kuwa katika hao wananchi. Alitaka kukataa, akaona watu wanamtazama, akakubali.

Adhabu yangu ilikuwa kupanda miche kwenye msitu wa shule kila Jumamosi msimu mzima wa mvua. Nyumbani baba alinipeleka kwenye shamba letu lililoungua, na nilijua kwamba hakunipeleka huko kunipiga.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, "ndiyo maana sikupi pole. Ulitaka Blandina aonekane mvivu, ukapata, na miti yetu ikaenda humohumo. Mwenye wivu halindi shamba lake, mwanangu. Muda wote anachungulia la jirani. Blandina alikuja kukusaidia, ukaona amekuja kukushinda. Kitu kizuri cha mwenzako si kitu ulichoibiwa."

Nilimwomba Blandina radhi siku iliyofuata. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa," akahamia dawati jingine. Wiki nne tulisalimiana tu. Ile nafasi tupu pembeni yangu ilinifundisha kuliko fimbo.

Julai iliyofuata tulipanda tena mlimani. Mwalimu alikuwa ameweka utaratibu mpya: hakuna anayewekewa alama ya vema kabla mwenzake hajahesabu hatua za kipande chake. Kila mwanafunzi achague mkaguzi wake. Blandina, ambaye bado alikuwa kiranja, aliulizwa wa kwanza.

"Veneranda," akasema.

Darasa likanong'ona. Mwalimu Asukile akamuuliza kama ana hakika.

"Nina hakika, Mwalimu. Yeye ndiye anayejua pa kuibia."

Wote walicheka, nami nikacheka, ingawa uso ulikuwa unanichoma. Mwalimu aliacha kicheko kiishe.

"Sawa," akasema. "Na wewe Blandina utamkagua yeye. Kumwamini mwenzako ni vizuri, na kumhesabia hatua zake ni vizuri pia. Moja halifuti jingine. Haya, chukueni majembe."

Tulianzia kipande chake. Nilihesabu kwa sauti, yeye akitembea pembeni yangu, na nilipofika kwenye kigingi nikasema, "Ishirini." Kisha tukageuka kwenda kuhesabu changu.