Joka Lililozibwa Tumbo

Jumatano asubuhi Rwema alikuwa akipaka rangi ya shaba kwenye magamba ya shingo aliposikia mtu akibisha hodi ndani ya joka.

Haikuwa hodi kubwa. Ngo. Kimya cha pumzi moja. Kisha ngo-ngo. Aliweka brashi chini, akalinyanyua joka na kulitikisa karibu na sikio, maana alidhani kuna kipande cha plastiki kimebaki ndani kinaviringika. Hakikuviringika kitu. Akajiambia ni rezini inajikaza kwa baridi ya asubuhi, na mtu akishajipa jibu la kitaalamu huwa hatafuti lingine, basi akaendelea kupaka.

Rwema alikuwa fundi wa masanamu madogo, kazi ambayo nusu ya majirani zake wa Masaka hawakuielewa na nusu nyingine waliicheka. Printa yake ilijenga kitu kutoka kwenye beseni la rezini, plastiki ya majimaji, tabaka juu ya tabaka, kwa mwanga wa zambarau. Yeye alikivuta nje kikichuruzika, akakiosha kwa spiriti, akakianika kwenye mwanga kikaze, akakipiga msasa, akakiunga na kukipaka. Joka hili lilitoka vipande thelathini na saba. Lilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, limesimama kwa miguu ya nyuma, mabawa wazi, tumbo mbele. Lilikuwa limeagizwa na Bwana Ntare wa Nyarutarama, mwenye kabati la vioo sebuleni, na Rwema alikuwa amelipenda kupita kiasi. Wiki nzima alikula kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usiache brashi.

Mkewe, Kaliza, hakuwa akiingia chumba hicho. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na harufu ya rezini mbichi haimfai mjamzito. Mimba mbili kabla ya hiyo zilitoka, na kila moja iliondoka na sehemu ya kicheko chake. Hii ya tatu ilikuwa imeanza kucheza. Kila jioni Kaliza aliweka kiganja tumboni na kutangaza mateke, na Rwema alikuwa anaacha brashi kwa ajili ya hilo tu. Lakini tangu Jumanne saa saba mchana mtoto hakucheza tena.

Na saa saba hiyo ndipo Rwema alipoziba tundu.

Sanamu kubwa haichapwi ikiwa imejaa. Ndani huachwa uvungu, na mahali fulani huachwa tundu ili rezini iliyobaki imwagike. Rwema aliliweka tumboni. Bwana Ntare alipotumiwa picha alijibu kwamba hataki joka lenye kitovu. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, taa ya kukaushia haikuwaka, na mahali penye jua zuri kuliko pote uani palikuwa kisiki cha kichuguu ambacho wajenzi walikikata kwa sururu walipokuwa wanapanga kiwanja. Joka, bila kichwa bado, lilikaa juu ya kisiki hicho asubuhi nzima, tundu likiwa wazi. Saa saba Rwema akadondoshea rezini mlangoni mwa tundu na jua likaikaza kwa dakika mbili.

Kaliza alikuwa anaanika nguo hapo karibu. Alilelewa na baba yake mdogo, Usumani, fundi cherehani wa Nyamirambo, na katika nyumba ile kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa: kitu chenye uvungu, kiwe mto, kiwe godoro, kiwe mwanasesere wa mtoto, Usumani hapigi mshono wa mwisho bila kusema bismillahi.

"Umesema bismillahi?" Kaliza aliuliza.

"Hii si mto, Kaliza."

"Iko na uvungu. Sema tu, itakuchukua nini?"

Rwema, ambaye swala zake zilikuwa za Idi mbili, alicheka na kupitisha msasa juu ya kizibo mpaka pakawa laini. Ilikuwa kazi safi. Hata yeye mwenyewe hakuona tena tundu lilipokuwa.

Jumatano hiyo mchana walikwenda zahanati moja upande wa Kanombe. Nesi alisikiliza, akasogeza kifaa, akasikiliza tena. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga, alisema, ila taratibu. Wangoje hadi Jumamosi. Njia nzima Rwema alimshika Kaliza mkono huku anaogopa vibaya.

Alhamisi aliunga kichwa. Harufu ilikuwa imebadilika chumbani. Chini ya ukali wa rezini kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa, udongo wa ndani kabisa usiojua jua, na hodi sasa ilikuja kila robo saa, ngo, ngo-ngo, mpaka vikopo vya rangi vikawa vinatetemeka. Rwema alipaka macho. Akaingiza brashi nyembamba kinywani ili aguse meno kwa rangi ya pembe.

Kinywa kikafumba.

Meno yale alikuwa ameyanoa yeye mwenyewe kwa msasa mwembamba. Yalipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada, yakafika mfupani, na alipovuta mkono ukucha mzima ulibaki kule. Damu ilimwagika juu ya meza, juu ya bawa, na Rwema akabaki amefunga mdomo kwa mkono mwingine ili mkewe asisikie. Joka lilikuwa limeachama tena, vilevile alivyoliunganisha, na ukucha ulikuwa umelala juu ya ulimi.

"Kisu kiliteleza," alimwambia Kaliza, akijifunga kitambaa.

"Kinateleza mpaka ukucha?"

 Rwema alirudi chumbani akafuta damu kwenye bawa kabla haijakauka, maana ikikauka huharibu rangi.

Ijumaa saa tano dereva wa Bwana Ntare, kijana mpole aitwaye Mutsinzi, alikuja kulichukua. Rwema alilifunga kwa sponji ndani ya boksi, Mutsinzi akaliweka kiti cha nyuma na kulifunga mkanda kabisa. Gari lilipotoka getini, Rwema alipumua na kujiambia kwamba mambo yote yale sasa ni ya Nyarutarama.

Saa saba mvua ikiwa inanyesha, geti liligongwa kwa teke. Mutsinzi alikuwa amesimama nje amelikumbatia joka kifuani. Hakuwa na sikio la kulia. Damu na maji ya mvua vilikuwa vinashuka shingoni mpaka kwenye viatu, na shati lilikuwa limechanwa mgongoni mistari mitatu, nayo ngozi iliyokuwa chini ya shati ilikuwa imechanwa hivyohivyo.

"Bosi," alisema kwa sauti ya chini, "chukua munyama yako."

"Imekuwaje?"

"Ilikuwa nyuma, nimeifunga mukanda. Ikaanza kugonga. Nikasema ni barabara mbaya. Ikatoka kwa boksi, bosi, ikanipanda mugongo, ikanikamata sikio. Gari iko kwa mufereji. Mi nilitaka kuiacha, haikubali kuachwa. Nikiiweka chini inanikata. Nikitembea huku kwako inatulia."

Rwema alilipokea joka. Na hapa pana jambo ambalo Kaliza, aliyekuwa mlangoni, hakulisahau: mumewe aliligeuza joka kwenye mwanga, akakagua mabawa na rangi, ndipo akamtazama mtu aliyekosa sikio. Rangi haikuwa na hata mkwaruzo.

Kaliza alimfunga Mutsinzi kichwa kwa kanga, akasimamisha pikipiki ya kumpeleka hospitali, kisha akampigia simu Usumani.

Rwema alikwenda kuchukua nyundo. Alipolipiga joka, nyundo ilirudi kwa nguvu ileile aliyoitupa na kumvunja mfupa wa bega la kushoto, na alisikia mwenyewe ulivyokatika. Ndani ya joka hodi haikuwa hodi tena. Ilikuwa ni mtu anayepiga mlango kwa mabega, bila kupumzika, na kila pigo lilisogeza meza kuelekea dirishani, upande wa uani, upande wa kichuguu.

Usumani alifika baada ya swala ya Ijumaa, kanzu imelowa matope ya pikipiki. Hakulikaribia joka. Alisimama mlangoni kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana.

"Hili tundu ulizibia wapi?"

"Kwenye kisiki cha kichuguu, mzee."

"Saa ngapi?"

"Saa saba. Jua la utosi."

"Na hukusema kitu."

"Sikusema."

Usumani alifumba macho. "Mwanangu, huyu wa kichuguu hakukuvamia. Alitoka kwake mchana kuota jua, akaona nyumba mpya wazi, akaingia kutazama. Ukamfungia. Siku tatu anaomba afunguliwe." Akamgeukia Kaliza. "Wewe toka hapa. Nenda kwa jirani, usirudi mpaka nikuite. Akitoka na hasira hii atajificha kwenye uvungu wa kwanza atakaouona, na uvungu uliofungwa, wenye uhai ndani, ndio atakaoupenda."

"Mtoto hachezi, baba mdogo," Kaliza alisema. "Tangu Jumanne."

"Ni hofu tu, humura, tulia. Watoto wa tumboni huwa wanawasikia hawa kabla yetu. Nenda."

Alikwenda kwa Mukankusi, nyumba ya tatu. Wanaume wale wawili walilibeba joka hadi kwenye kisiki, Rwema kwa mkono mmoja, na mvua ilikuwa imekatika.

"Fungua tumbo lote," Usumani alisema. "Mpe mlango mzima atoke mara moja, arudi chini kwake. Usimpe tundu la sindano. Mimi nasoma."

Rwema alifungua sanduku la vifaa. Kulikuwa na msumeno. Kulikuwa na drili ya mkono yenye meno makubwa na madogo. Alilitazama tumbo lile laini, magamba mia mbili aliyoyapaka moja moja, akawaza kwamba tundu dogo litatosha na kesho ataliziba tena, mara hii kwa bismillahi, na Bwana Ntare hatajua. Akachagua jino dogo kuliko yote, la unene wa njiti ya kiberiti.

Jino lilipopenya, joka lilipiga mluzi. Hewa ilitoka kwa nguvu, inanuka udongo na rezini mbichi, na yule aliyekuwa ndani, baada ya siku tatu za giza, aliona mwanga na hakuweza kupita, akalivuta joka zima kwenye hasira yake: mabawa yalifunguka na kufunga kama mkasi, bawa la kushoto likapita usoni kwa Usumani kutoka paji hadi kidevu, likafungua shavu mpaka meno yakaonekana, likarudi na kumkata juu ya macho yote mawili, na mzee akaendelea kusoma kwa mdomo uliojaa damu, na mkia ukajizungusha kwenye mkono mzima wa Rwema na kubana hadi vidole vikawa vyeusi, na Rwema, aliyekuwa amejizuia mpaka hapo, akapiga kelele iliyosikika mpaka nyumba ya tatu, na alipofanikiwa kuushika msumeno kwa mkono wa bega lililovunjika na kuanza kukata, akilia kwa maumivu, akikata rangi, akikata magamba, akikata kila kitu alichokipenda, hakusikia geti likifunguliwa wala miguu ya mtu anayekimbia juu ya matope.

"Rwema!"

Tumbo likapasuka. Joka likawa vipande viwili, na mkia ukalegea.

Kaliza alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye kisiki, mikono tumboni, akihema. Nyasi zilizokuwa kati yake na kichuguu zililala upande wake, zikainuka tena.

Usumani alipiga magoti, damu imemfunika macho. Alipapasa udongo wa kichuguu. "Ametoka," alisema kwa shida. "Sioni kitu. Niambie, Kaliza yuko wapi?"

Rwema alimtazama mkewe. Kaliza alimtazama yeye, bila kuelewa bado.

"Kwa Mukankusi," Rwema alisema.

"Alhamdulillahi," mzee alisema, akaanguka ubavu.

Usumani alishonwa nyuzi arobaini na jicho moja halikurudi. Rwema alifungwa bega na kukatwa vidole viwili vya mkono ule aliokuwa akishikia brashi. Walirudi Masaka Jumapili mchana. Vipande vya joka vilikuwa bado uani, na mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kuvijengea udongo.

Kaliza alikaa kitandani karibu na dirisha. Ghafla alishika tumbo, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu Jumanne, ukafunguka wote. Machozi yakamtoka.

"Rwema. Njoo. Mwana anacheza. Yewe, njoo haraka, anacheza kwa nguvu."

Alimchukua mkono uliobaki na vidole vyote na kuuweka chini ya kitovu. Rwema alinusa pumzi yake ikimpitia usoni, na chini ya harufu ya chai kulikuwa na udongo wa ndani. Alingoja. Alitaka kwa moyo wake wote kusikia teke la mtoto, lolote, la hovyo, lisilo na mpangilio.

Ngo. Kimya cha pumzi moja. Ngo-ngo.

"Umesikia?" Kaliza alicheka huku analia, kicheko ambacho Rwema hakuwa amekisikia tangu mimba ya kwanza. "Amerudi. Sema kitu, baba mtoto."

"Bismillahi," Rwema alisema, na kiganja chake kikabaki palepale, juu ya ngozi laini iliyofungwa.